Barabara ya Kupigiwa Hodi

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, jua likiwa bado halijapita juu ya minazi, Jamaldine alitoka kwake na kipande cha nondo, akaigonga rimu ya lori iliyoning'inia kwenye nguzo ya umeme, na watu wa mtaa wa Kisimani wakatoka na majembe, reki na makarai. Huo ulikuwa mwaka wake wa tatu wa uchefe, yaani uongozi wa mtaa. Cheo hicho hakikuwa na mshahara wala ofisi. Kilikuwa na rimu ile, fulana moja yenye nembo ya munisipio, halmashauri ya mji, na lawama.

Utaratibu wa Kirindi ulikuwa rahisi kuueleza. Mji ni mdogo, munisipio ina trekta moja, na trekta hilo lilikuwa na magurudumu matatu tangu mwaka wa kimbunga. Kwa hiyo kila nyumba ilitunza kipande cha barabara kilichokuwa mbele ya mlango wake, kutoka ukutani hadi katikati ya njia, na jirani wa upande wa pili akakutana naye hapo. Aliyefagia alifagia hadi katikati. Aliyefukia shimo alifukia nusu ya shimo. Mwenye nyumba akiwa hayupo, kipande chake kilikaa kama kilivyo, na tangu mwaka wa mashambulizi, watu walipoukimbia mji, wasiokuwepo walikuwa wengi.

Kisimani nyumba isiyo na watu ilikuwa moja tu, ila ilikuwa kubwa. Ilikuwa nyumba ya Bi Atija, nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, ya pekee katika mtaa wa nyumba za miti na udongo. Siku ya mashambulizi paa liliungua na kuta zikabaki. Bi Atija mwenyewe alifariki porini, siku ya nne ya kutembea, karibu na Nhica do Rovuma, akazikwa chini ya mkorosho wa mtu asiyejulikana. Binti yake, Ancha, akaendelea na safari. Alivuka mto Rovuma kuingia Tanzania, akarudishwa, akaishia Montepuez, kwenye mahema ya waliokimbia.

Mbele ya nyumba hiyo mvua zilichimba korongo. Mwaka wa kwanza lilikuwa la kurukwa. Mwaka wa pili mtu mzima akisimama ndani yake alionekana kuanzia mabegani. Lori la maji likaacha kuja. Mwezi wa Februari mke wa Faustino, fundi mwashi aliyetoka Mueda, alishikwa na uchungu, na gari lililotumwa kumchukua likafika ukingoni likazima. Wakampakia kwenye toroli, wakalishusha toroli korongoni wanaume sita, wakalipandisha ng'ambo. Mtoto alizaliwa salama na mama alipona. Faustino hakushika mwiko wiki nzima.

Jumamosi iliyofuata alisimama ukingoni mwa korongo mbele ya watu wote.

"Mchanga haushiki," alisema. "Tumemwaga mara tatu, mvua imeubeba mara tatu. Hapa panataka mawe."

"Mawe yatoke wapi?" mtu mmoja aliuliza. "Munisipio wamesema hawana."

Baada ya muda hakuna aliyekuwa akilitazama korongo. Wote walikuwa wanaitazama nyumba.

Jamaldine alijua kinachosubiriwa. Alijua pia jambo ambalo wengine hawakulijua. Yeye alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kurudi Kirindi, na siku chache baada ya kurudi Ancha alimpigia simu kutoka Montepuez. Mtandao ulikuwa unakatika.

"Kaka Jamaldine, nyumba imesimama?"

"Imesimama, dada. Ni paa tu."

"Niangalizie. Sina mtu mwingine huko."

"Usiwe na shaka," alimwambia. Alilisema kwa moyo mweupe, na jioni ile alikwenda akang'oa magugu mlangoni.

Sasa mtaa mzima ulimsubiri ukiwa na makarai mkononi. Alikuwa na neno la kukataa, alilisikia kabisa mdomoni kama kokwa ya tende. Akamtazama Faustino, akamtazama mke wa Faustino aliyembeba mtoto, akalimeza.

"Tuanzie ukuta wa nyuma," alisema.

Ukuta wa nyuma ulikuwa hauonekani barabarani.

Kazi ilichukua Jumamosi nne mfululizo, na iligawanywa kwa haki. Kila nyumba makarai kumi na mawili, wajane nusu yake. Faustino alilegeza mawe kwa nyundo. Wengine waliokota yaliyokwisha kuanguka, na kuokota si kubomoa. Wengine walibeba yaliyokwisha kuokotwa. Wengine waliyapanga korongoni, na hao hawakuikaribia nyumba hata hatua moja. Kwa namna hiyo nyumba ilikwisha bila kuwepo mtu aliyeimaliza. Laila, mke wa Jamaldine, alibeba makarai yake yote kumi na mawili. Usiku ulipoingia na chakula kikawa mezani ndipo alipouliza.

"Ancha unampigia lini?"

"Nitampigia," alisema Jamaldine. Hakumpigia.

Faustino alishindilia mawe, akamwaga udongo mwekundu juu yake, akamwagia maji, akashindilia tena. Korongo likawa barabara. Ilipokuwa nyumba kulibaki mraba wa ardhi nyeupe zaidi ya ardhi ya pembeni yake.

Siku ya Jumanne Laila alikuwa anarudi sokoni na samaki. Alipokanyaga tu yale mawe alisikia harufu ya matapa, majani ya muhogo yanayochemka kwa tui, na sauti ya mtu mwenye shughuli nyingine ikauliza kutoka chini, kidogo upande wa kushoto:

"Nani huyo anaingia bila hodi?"

Laila alirudi nyuma hatua mbili, akavua ndala, akazishika mkononi.

"Hodi."

"Karibu. Pita, mwanangu, ila usikanyage mkeka."

Laila alizunguka mahali ambapo angetandika mkeka kama nyumba ingekuwa yake, akafika mwisho wa mawe, akavaa ndala zake, akaenda nyumbani. Alimwambia mumewe kwamba Bi Atija amerudi na kwamba yuko barabarani.

"Amesema nini?" Jamaldine aliuliza.

"Amesema nisikanyage mkeka."

Jamaldine aliendelea kumenya muhogo aliokuwa akiumenya, akaumenya mpaka ukawa mwembamba kama kidole.

Wiki haikwisha kabla mtaa mzima haujazoea. Watu walivua viatu wakifika kwenye mawe, wakapiga hodi, wakavuka, wakavaa. Wenye pikipiki walizima injini wakasukuma. Dereva wa chapa, basi dogo la kwenda Palma, alipiga hodi kupitia dirishani, abiria wakaitikia naye, na gari likapita taratibu kama mtu anayebeba chungu. Kuhusu magurudumu Bi Atija hakuwa na neno, isipokuwa yakiwa na matope.

"Faustino," aliita siku moja, "miguu hiyo imetoka wapi?"

"Shambani, mama."

"Rudi ukaioshe."

Faustino alirudi, akaiosha, akaja tena. Bi Atija alimuuliza habari za mtoto, naye akasema ameanza kutambaa.

Mvua za Disemba zilipofika zilinyesha mtaa mzima isipokuwa pale. Juu ya mawe hapakudondoka tone. Paa lilikwisha kuungua siku ile ya mashambulizi, ila habari hiyo haikuifikia barabara. Watu walionyeshewa walikimbilia katikati ya njia wakasimama wakavu, wakiyatazama maji yakishuka pande zote mbili. Jua likiwa kali pale palikuwa na kivuli, kivuli cha ndani ya nyumba ya mawe, chenye ubaridi wa chokaa. Wanawake walileta mafungu ya ukili wakasukia hapo, wa pwani na wa Mueda, kila mmoja na hadithi zake, na Bi Atija akachangia. Kila alfajiri, kabla ya adhana, ulisikika ufagio. Alifagia barabara kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, akapita katikati, akafagia na upande wa jirani, jambo ambalo utaratibu wa Kirindi haukumdai mtu yeyote. Hapakuwa na shimo. Hapakuwa na vumbi.

Jamaldine peke yake hakupita. Kwenda msikitini alizunguka kwa nyuma, kwenye madimbwi ya chumvi, akafika na miguu myeupe. Akiulizwa alisema anapenda upepo wa huko.

"Anakuulizia," Laila alimwambia.

"Nani?"

"Unamjua. Anasema kazi za watu zimekuzidi. Anasema upite unywe chai."

"Mwambie nitapita."

"Mwambie mwenyewe," alisema Laila. "Mimi nimekwisha beba makarai kumi na mawili."

Mwezi wa Machi alikuja Senhora Sónia, aliyekuwa na dhamana ya barabara pale munisipio. Alikuja na utepe wa kupimia na chuma chenye ncha. Alivua mabuti yake, akapiga hodi, akapima. Alichoma chuma sehemu tatu na sehemu zote tatu kilikataa kuingia. Bi Atija alimwambia asichome mara ya nne, maana pale pana kabati la vyombo. Senhora Sónia aliomba radhi, akaandika.

"Kila mtaa wa mji huu ni mashimo," alimwambia Jamaldine, aliyekuwa amesimama mbali kidogo, ng'ambo ya mawe. "Hapa kwenu hakuna hata moja. Mmetumia nini?"

"Mawe."

"Mawe ya aina gani?"

"Ya zamani."

Akaandika: mawe ya zamani. Kisha akasema kwamba Jumamosi ijayo munisipio itawapa watu wa Kisimani cheti, na kwamba atakileta yeye mwenyewe, na kipaza sauti.

Ancha alirudi Alhamisi, siku mbili kabla ya cheti.

Jamaldine, akiwa barazani kwake, alimwona. Alishuka kwenye lori la mizigo na begi moja, akasimama mbele ya ule mraba mweupe. Aliutazama kwa muda kama mtu anavyomtazama ndugu aliyerudi kutoka hospitali. Majani mafupi yalikuwa yameanza kuota mle, na mbuzi mmoja alikuwa anayala. Halafu nyuma yake mtu akakohoa. Ancha aligeuka. Aliitazama barabara, akashuka mpaka ukingoni mwa mawe, akaweka begi chini, akavua viatu.

"Hodi."

Sauti ikauliza kutoka chini:

"Ancha?"

"Ndimi, mama."

"Umekonda."

Ancha aliingia mpaka katikati ya njia, akakaa chini. Lori la maji lilifika, likazima injini, likasubiri. Nyuma yake ikafika pikipiki, na nyuma ya pikipiki mtu na mkokoteni wa kuni. Walisubiri mpaka kivuli cha nguzo ya umeme kikahamia upande wa pili. Hakuna aliyepiga honi.

Kisha aliinuka, akaja moja kwa moja barazani kwa Jamaldine.

"Salaam aleikum, kaka Jamaldine."

"Waaleikum salaam, dada. Karibu. Pole na safari. Pole na mama."

"Nimeshapoa." Hakukaa. "Mama anafurahi. Anasema tangu arudi nyumba haikosi wageni. Wanavua viatu, wanamsalimu, wanaomba kupita. Anasema hakujua kama mtaa unampenda namna hii."

Jamaldine alitazama miguu yake mwenyewe, ilikuwa na chumvi.

"Nani aliibomoa?" Ancha aliuliza.

"Kulikuwa na korongo hapo, dada. Gari halipiti. Mke wa Faustino alijifungua nusura—"

"Sikuuliza kwa nini. Nimeuliza nani."

"Sote."

"Sote ni nani?"

"Kila nyumba makarai kumi na mawili."

Ancha aligeuza macho mlangoni, ambako Laila alikuwa amesimama na unga mikononi. Laila aliinamisha kichwa.

"Nilipiga simu moja tu, kaka," Ancha alisema. Sauti yake haikupanda. "Sikuwapigia sote. Nilimpigia mtu mmoja."

Jamaldine aliona afadhali angetukanwa. Alitafuta la kusema na akaona kila alilolipata linaanzia kwenye korongo.

"Jumamosi watu watakuwepo wote," alisema mwishowe. "Nitasema mbele yao."

"Sema," alijibu Ancha. Akarudi kulala kwa mama yake. Laila alimpelekea chakula kwenye sinia, akapiga hodi, akaliweka sinia katikati ya njia, wakala.

Jumamosi viti vya plastiki vilipangwa pande zote mbili za mawe. Senhora Sónia alisoma cheti. Kilikuwa cha Kireno na akakifasiri: kwamba mtaa wa Kisimani ni mfano wa raia wanaogawana wajibu wa mji wao bila kusubiri kusukumwa. Watu walipiga makofi. Kipaza sauti kikapewa Jamaldine.

Alisimama akiwa amevaa fulana ya munisipio, iliyopigwa pasi na Laila.

"Mawe haya ni nyumba ya Bi Atija," alisema. "Ancha alinikabidhi niiangalie na mimi nikakubali. Wakati wenu wa kuamua ulipofika sikuwaambia. Mimi ndiye niliyesema tuanze. Basi kosa ni langu."

Jamaldine alikuwa amejiandaa kwa lawama siku mbili nzima, akazisubiri kama mgonjwa anavyosubiri sindano. Kisha Faustino akainuka kitini.

"Usijitwike peke yako, chefe," alisema. "Nyundo ilikuwa yangu."

"Na makarai yalikuwa yetu," alisema mwanamke mmoja wa upande wa pili.

"Mimi nilipanga."

"Mimi nilimwaga udongo."

Wakainuka mmoja mmoja, kila mtu akachukua kipande chake. Jamaldine alikuwa bado ameshika kipaza sauti, na alihisi mzigo ukitolewa kichwani kwake karai baada ya karai, mpaka shingo ikanyooka, mpaka kilichobaki kikawa kidogo, kikamtosha mtu kulala nacho bila kugeuka. Aliogopa jinsi wepesi huo ulivyokuwa mtamu. Watu walikuwa wanalia na kushikana mikono. Senhora Sónia alifuta macho, akasema kwamba hiyo ndiyo roho ambayo mji unaitaka, mtaa unaogawana kazi na kugawana hata lawama, na watu wakapiga makofi mara ya pili, kwa nguvu kuliko ya kwanza.

Ancha alikuwa amesimama peku juu ya mawe.

"Basi vizuri," alisema, makofi yalipokwisha. "Kila mtu anirudishie makarai yake kumi na mawili."

Hakuna aliyeketi na hakuna aliyesogea. Mke wa Faustino alimhamisha mtoto kutoka bega moja kwenda jingine. Upande wa kisima lori la maji lilikuwa linashusha maji, na maji yalisikika yakiingia kwenye tangi.

Senhora Sónia ndiye aliyejibu. Alieleza kwa upole kwamba barabara ikishakuwa barabara ni mali ya umma, na sheria hairuhusu kuichimba. Munisipio inatambua hasara. Itampa Ancha kiwanja katika mtaa mpya, njia ya Pundanhar, chenye hati.

"Na mama?" Ancha aliuliza.

Senhora Sónia alipekua karatasi zake mbele na nyuma.

"Mama ni sehemu ya barabara," alisema.

Kutoka chini ya miguu ya Ancha sauti ikaita kwa haraka, sauti ya mwenye nyumba aliyeshtukia umati sebuleni.

"Ancha! Wageni wote hao, wamepewa hata chai?"

Watu walicheka kidogo, kicheko cha kushusha pumzi, wakaanza kukunja viti. Ancha hakucheka. Alikuwa anamtazama Jamaldine, na Jamaldine alielewa kwamba kile alichokisema kwenye kipaza sauti kilikuwa sehemu nyepesi. Aliweka kipaza sauti juu ya kiti. Alivua viatu. Kwa mara ya kwanza tangu barabara ilipokuwa barabara, alikwenda ukingoni mwa mawe.

"Hodi."

"Nani? Jamaldine?" Bi Atija alifurahi hata udongo ukapata joto chini ya nyayo. "Karibu, karibu, mwanangu, umepotea! Ancha ameniambia. Tulipokuwa huko porini wewe ulirudi, ukaahidi kutuangalizia nyumba. Naiona. Tangu niolewe haijapata kukaa na watu namna hii. Kavu, safi, imejaa. Mungu akulipe."

Jamaldine alisimama sebuleni kwa Bi Atija, katikati ya njia, mbele ya mtaa wote. Ancha alikuwa hatua tatu kutoka kwake. Hakumsaidia na hakumzuia. Alingoja tu. Jamaldine alifungua mdomo, na maneno yalikuwepo, yalikuwa machache na mepesi kutamkwa: mama, nyumba haipo.

"Amina," alisema.

Ancha aliinama, akachukua begi lake.

Alikubali kiwanja. Kiko mbali, mtu hutembea asubuhi nzima, na njia yake ni ya mchanga tupu. Faustino alikwenda akamsimamishia miti bila kudai kitu, na watu wengi wa Kisimani walikwenda kukandika udongo, wakagawana kuta. Jamaldine alibeba maji siku tatu. Ancha aliyapokea maji, akayamwaga penye udongo, akamrudishia ndoo, na katika siku hizo tatu alimwambia "weka hapo" na "yanatosha". Nyumba ilipokwisha ilikuwa nyumba nzuri ya udongo. Bi Atija hakuweza kuhamia. Alikuwa ameshindiliwa vizuri. Faustino ni fundi anayejua kazi yake.

Siku za Ijumaa, baada ya sala, Ancha huja. Huvua viatu, hupiga hodi, hukaa katikati ya njia na mama yake mpaka alasiri, na magari husubiri au huzungukia kwenye mraba mweupe, ambao sasa umekwisha kuwa njia ya pembeni. Mama humwambia mtaa umebadilika, watu wamekuwa na adabu. Ancha husema ni kweli.

Cheti kilitundikwa ukutani kwa Jamaldine. Laila alikigeuza kikatazama ukuta, Jamaldine akakigeuza tena kwa sababu wageni wa munisipio huja. Wakaendelea hivyo mpaka msumari ukalegea.

Wageni walikuja kweli. Machefe wa mitaa mingine walikuja wakakanyaga mawe, wakasikia ubaridi, wakasimama pale mvua ikinyesha wakanyoosha mikono nje ya mpaka kuyagusa maji. Kila mmoja alikuwa na makorongo kwake. Na kila mmoja, ukimpa nafasi ya kufikiri, alikuwa na nyumba ya mtu ambaye hakurudi. Senhora Sónia alimwita Jamaldine, akamwomba awaonyeshe namna ya kufanya.

"Mimi siwezi, senhora," Jamaldine alisema.

"Nani anaweza kuliko wewe? Wewe ndiye uliyesema ukweli."

Jamaldine alikwenda nyumbani akamweleza Laila. Laila alikuwa anapepeta mchele. Alimaliza ungo wote kabla ya kuinua uso.

"Umekubali," alisema.

"Nimesema nitafikiri."

"Umekubali," alisema Laila, akachota mchele mwingine.

Jumamosi ya kwanza ya Juni, mtaa wa Bondeni ulijipanga mbele ya nyumba ya mawe yenye milango miwili. Ilikuwa ya mzee Abdurremane, mshonaji wa matanga, ambaye wengine walisema yuko Nampula kwa mwanawe, na wengine walisema hakuvuka hata msitu wa kwanza. Hakuna aliyekuwa na namba yake. Watu walikuwa na makarai. Faustino alikuwa na nyundo. Chefe wa Bondeni alikuwa amekwisha kupanga nani ataokota, nani atabeba na nani atapanga, ili asiwepo mtu wa kuonewa.

Walimtaka Jamaldine atangulie, kwa kuwa ndiye mzoefu. Akavua viatu akaviweka pembeni. Mtaa mzima nao ukavua. Akasogea mlangoni akapiga hodi. Nyumba ilikuwa kimya. Ndani, kwenye mwanga wa tundu la paa, ilionekana cherehani iliyofunikwa vumbi. Akapiga ya pili. Adabu ya pwani, ambayo kila mtu pale alifundishwa akiwa mdogo, inasema hodi ni tatu, na asiyejibiwa hurudi alikotoka. Jamaldine akapiga ya tatu, kwa sauti kubwa kidogo, na akajikuta anaomba kwa moyo wote mtu aitike, ajibu hata kwa tusi.

Hakuna aliyeitika. Jamaldine alisubiri zaidi ya inavyopasa. Kisha akasogea kando, peku vilevile, ili Faustino apate nafasi ya kuinua nyundo.